Kudumu Pasipo Mchungaji: Usharika wa Old Moshi Katika Miaka ya Dhiki, 1885–1934

Utangulizi

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Rumi, aliiweka saburi kati ya dhiki na tumaini (Rum. 5:3–5). Wahubiri wetu hulipenda fungu hilo, hasa nyakati za ukame, msiba na maradhi. Hata hivyo, mara nyingi saburi huhubiriwa kana kwamba ni sifa ya mtu mmoja mmoja: fulani alijaribiwa, akavumilia, akashinda. Neno la Kiyunani analolitumia Paulo, yaani hupomone, asili yake ni kukaa chini ya mzigo bila kuukimbia. Mzigo huo waweza kumwelemea mtu mmoja, lakini waweza pia kuuelemea usharika mzima.

Katika makala hii tunakusudia kuuliza jinsi usharika unavyodumu katika imani wakati mambo yote yaliyouegemeza yameondolewa. Tumechagua mfano wa Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mahali hapo, katika muda usiofika nusu karne, Injili ilifika, ikafukuzwa, ikarudi pamoja na mizinga, ikashuhudia viongozi wa nchi wakinyongwa, kisha ikaachwa mikononi mwa walimu na wazee ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewekewa mikono. Tutaeleza kwanza mambo yalivyotokea, kisha tutalipima jambo hilo kwa mizani ya mafundisho ya Kilutheri, na mwisho tutatoa machache yawapasayo wachungaji na wanafunzi wa theolojia.

1. Mbegu ya Kwanza, 1885–1892

Mmisionari wa kwanza kufika Uchagani alikuwa Johannes Rebmann, mwaka 1848. Charles New alifika Moshi mwaka 1871, akapanda mlima hadi kwenye theluji. Aliporudi baadaye alinyang'anywa mali zake kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akafa mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Hivyo Moshi haikuanza kuwa na sifa njema katika masikio ya watu wa misioni.

Hata hivyo, mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alimzuru Mandara, na Chama cha Misioni cha CMS kikafungua kituo Moshi mwaka uo huo. Kabla mwaka haujaisha, Hannington mwenyewe aliuawa Busoga, akiwa njiani kuelekea Uganda. Kituo cha Moshi kilidumu miaka saba. Mandara hakuupinga uwepo wa wamisionari, lakini alichokitafuta kwao kilikuwa bunduki, mafundi na dawa. Tusimhukumu upesi. Alikuwa mtawala mwenye adui kila upande, na wageni wote waliomfikia tangu utoto wake, wafanyabiashara wa pwani kwa Wazungu, walimzoeza kuwapima kwa vitu walivyobeba.

Mandara akafa mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika utawala. Mwaka 1892 jeshi la Wajerumani likiongozwa na von Bülow lilipanda kupigana na Meli. Meli akalishinda, na Bülow akauawa. Wakuu wa Kijerumani wakawashutumu Waingereza wa CMS kwamba ndio waliowapatia watu wa Moshi silaha. Mmisionari Steggall na wenzake wakalazimika kuondoka, wakahamia Taveta, upande wa utawala wa Waingereza. Kituo cha Moshi kikafungwa.

Kwa hesabu za kibinadamu, miaka saba hiyo ilikuwa hasara. Lakini tunajifunza hapa jambo litakalotokea tena: mmisionari aliondolewa kwa sababu za siasa, wala si kwa sababu wenyeji walimkataa. Tangu mwanzo, kuwapo kwa mhubiri wa kigeni Old Moshi kulitegemea bendera. Imani ambayo ingeegemea kuwapo kwake isingeweza kuwa imara kuliko bendera hiyo.

2. Msalaba na Kamba, 1893–1900

Mwaka 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi akamshinda Meli. Mwaka uo huo wamisionari wa kwanza wa Misioni ya Leipzig walifika Kilimanjaro. Walianza Machame mwaka 1893, wakafungua Mamba mwaka 1894, na mwaka 1896 Robert Fassmann akajenga kituo Kidia, Old Moshi. Hatuwezi kuuficha ukweli huu: kwa macho ya watu wa Moshi, wajumbe wa Injili walikuwa wa taifa lile lile lililowateketezea nyumba miaka mitatu iliyotangulia, nao walisema lugha ya askari wale.

Mashaka hayo hayakuwa ya Moshi peke yake. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, Umeru, siku chache tu baada ya kufika. Kulipiza kisasi kwa jeshi la Wajerumani, likisaidiwa na mashujaa wa Kichaga, kuliwaletea Wameru na Waarusha vifo na hasara kubwa ya mifugo. Misioni ilirudi Umeru na kuanza kazi Nkoaranga mwaka 1902. Kanisa letu huwakumbuka Ovir na Segebrock kama mashahidi wa imani, na ni haki. Lakini kumbukumbu iliyo kamili inawakumbuka pia Wameru waliokufa katika kisasi kile, ambao hawakupata jiwe la kaburi.

Tarehe 2 Machi 1900 dhiki ilifika Old Moshi kwa namna iliyo chungu kuliko zote. Mangi Meli na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, jumla yao watu 19, walinyongwa kwa madai ya njama ya kuasi. Wanahistoria wengi huyahusisha madai hayo na hila za Mangi Marealle wa Marangu. Miongoni mwa walionyongwa walikuwamo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Mahali ambapo Meli alinyongwa, Tsudunyi, panajulikana hata leo. Mabaki ya watu wengi wa Afrika Mashariki yalichukuliwa Ujerumani katika miaka ile kwa ajili ya uchunguzi ulioitwa wa kisayansi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin viliyahusisha mafuvu machache na jamaa walio hai Kilimanjaro, lakini fuvu la Meli halikuwamo kati ya yaliyotambuliwa. Jamaa waliomtafuta babu yao kwa miongo mingi ni washarika wa makanisa yetu, na msiba huo ungali msiba wao.

Yafaa tukae kidogo hapa. Miaka minne tu ilipita kati ya kujengwa kwa kituo cha Kidia na kunyongwa kwa Meli. Kijana wa Old Moshi aliyekwenda kujifunza ubatizo baada ya 1900 alikuwa anaingia katika nyumba ambayo jirani zake waliweza kuiita nyumba ya wauaji wa Mangi. Mwalimu wake alimweleza habari za mtu asiye na hatia aliyetundikwa mtini na utawala wa kigeni baada ya kushtakiwa na watu wa nchi yake mwenyewe. Hatuhitaji kubuni mawazo ya kijana huyo ili kuona kwamba habari ya mateso ya Kristo, katika mahali pale na mwaka ule, haikuwa habari ya mbali. Wapo waliomsikia Kristo huyo na kumwamini. Hawakuamini kwa sababu Wajerumani walishinda tu, ingawa hamu ya kujua kusoma na ulinzi wa misioni vilikuwa na nguvu zake. Wengi wao waliendelea kuamini hata Wajerumani waliposhindwa, na hapo ndipo historia inatupatia kipimo cha kweli.

3. Kujengwa kwa Usharika, 1910–1920

Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na mwaka 1910 akawekwa Kidia. Jina lake linajulikana kwa wanafunzi wa theolojia kwa sababu ya vitabu vyake vingi kuhusu sheria na mafundisho ya jadi ya Wachaga. Katika makala hii jambo lililo muhimu ni namna alivyoupanga usharika wa Old Moshi.

Gutmann aliona kwamba Mchaga haishi peke yake. Amefungwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Ukoo hukaa katika vihamba vinavyorithishwa. Majirani huunganishwa na kazi za pamoja, hasa mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee wa kale. Vijana wa rika moja hufundishwa pamoja na kuwajibika pamoja. Gutmann alifundisha kwamba vifungo hivyo ni zawadi ya Muumba, na kwamba Injili haiji kuvikata bali kuvitakasa na kuvijaza. Kwa hiyo usharika uligawanywa kwa kufuata ujirani, wazee wakapewa dhamana ya kuwatunza majirani zao, na vijana wa kipaimara wakaunganishwa katika vikundi vidogo ambamo kila mmoja aliwajibika kwa mwenzake. Mafundisho na ibada vilikuwa kwa lugha ya watu, yaani Kimochi.

Mpango huo una mfano wake katika mfereji. Mfereji wa Kichaga haukai kwa sababu aliyeuchimba alikuwa shujaa. Hukaa kwa sababu kila mwaka majirani hutoka pamoja kuusafisha, na kila nyumba hujua zamu yake ya maji. Siku wasipotoka, udongo huujaza na vihamba hukauka. Usharika uliojengwa kwa namna hiyo ulikuwa na watu waliojua zamu zao.

Gutmann alikuwa na kasoro, wala si vema kuzinyamazia. Aliipenda jadi ya Wachaga kupita kiasi cha kuiona kama kitu kisichobadilika. Aliyashuku maisha ya mjini na elimu ya kisasa, wakati vijana wa Old Moshi walikuwa wakiyatafuta hayo kwa nguvu. Reli kutoka Tanga ilifika tambarare mnamo 1911, mji mpya ukakua huko chini na kulichukua jina la Moshi, na nchi ya Meli ikaanza kuitwa Moshi ya Zamani. Kutoka huko huko Old Moshi alitokea Joseph Merinyo, aliyelelewa katika misioni, ambaye mwaka 1925 alikuwa kiongozi wa kwanza wa chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA. Watu kama yeye hawakutosheka na kanisa lililotazama nyuma tu. Kasoro iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya misioni nzima: hadi 1920, miaka 27 baada ya kufika Machame, Misioni ya Leipzig haikuwa imembariki hata Mwafrika mmoja kuwa mchungaji katika eneo hili.

4. Mwaka 1920 na Ukimya Uliofuata

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Kilimanjaro mapema. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi. Vita ilichukua wanaume kwa kazi ya kubeba mizigo na chakula kwa ajili ya askari, na mwishoni mwa 1918 homa kuu ya mafua ikapita Afrika Mashariki yote. Kisha, mwaka 1920, serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani nchini, Gutmann akiwa mmojawapo. Walibaki wachache tu wasiokuwa raia wa Ujerumani, kama Leonhard Blumer, Mwestonia, aliyekuwa Uarushani. Wachache hao hawangeweza kuhudumia nchi yote tangu Arusha hadi Upare.

Basi Old Moshi ilibaki na nini? Haikuwa na mchungaji. Haikuwa na fedha za misioni kuwalipa walimu. Majirani zao Wakatoliki wa Kilema na Kibosho walikuwa bado na mapadre na shule, na haingekuwa ajabu kama Walutheri wengi wangehamia huko au kurudi katika dini ya mababu. Serikali mpya haikuwa na sababu ya kulihurumia kanisa lililopandwa na adui zake.

Waliobaki walikuwa walimu na wazee. Walimu waliongoza ibada za Jumapili, wakafundisha watoto, wakawaandaa wanafunzi wa ubatizo, wakazika wafu. Wazee waliwatembelea majirani zao, wakapatanisha walioteta, wakaonya walioanguka. Wachaga wana jani la isale, ambalo mwenye kosa hulipeleka kwa aliyemkosea ili kuomba amani, na akipokelewa jambo limekwisha. Watu waliolelewa katika desturi ya namna hiyo hawakuwa wageni katika huduma ya upatanisho, wala hawakuhitaji kungoja mtu wa Leipzig ili kuianza.

Hali hiyo haikuwa ya Old Moshi tu. Huko Dar es Salaam na Uzaramo mwalimu Martin Ganisya aliongoza Wakristo katika wakati ule wa vita. Buhaya, wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910, walikuta tayari waamini walioipokea Injili kutoka Uganda na kukusanyika wenyewe. Kanisa la Tanzania limezoea kuanza historia yake na majina ya wageni, lakini mara nyingi lilidumu kwa kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Msaada ulianza kufika mwaka 1922, wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipokuja kulishikilia eneo la Leipzig. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Augustana wakaenda kuanza kazi Iramba, na Gutmann akarudi Kidia, akakaa huko hadi 1938. Usharika aliouacha aliukuta upo.

5. Usharika Ulikuwa Kanisa?

Hapa tunafika kwenye swali la theolojia. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 7, linalitambua Kanisa mahali Injili inapofundishwa kwa usafi na sakramenti zinapotolewa ipasavyo. Kifungu cha 14 kinasema kwamba asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti. Old Moshi ya 1920 ilikuwa na Neno, lakini haikuwa na mtu aliyewekwa kwa utaratibu kutoa Chakula cha Bwana. Je, haikuwa Kanisa kamili? Au walimu walipaswa kuumega mkate pasipo kuitwa?

Luther alilikuta swali lililo karibu sana na hili mwaka 1523, alipowaandikia Wakristo wa Bohemia waliokosa wachungaji waaminifu. Alishauri kwamba, ikilazimu, baba wa nyumba awasomee watu wake Injili na kuwabatiza watoto wake, nao wavumilie kukaa pasipo Chakula cha Bwana kuliko kukipokea kwa njia isiyo halali. Kwa maana mtu anaweza kuokolewa kwa Neno na imani hata akinyimwa Meza, lakini pasipo Neno hakuna wokovu. Katika waraka huo huo, hata hivyo, Luther hakuishia kwenye kuvumilia. Aliusisitizia usharika haki na wajibu wa kujichagulia wahudumu kutoka miongoni mwake. Kukosa Meza kwa muda ni saburi, bali kukosa Meza miaka na miaka kwa sababu waliokuwa na mamlaka hawakuwaamini wenyeji ni jambo jingine.

Basi jibu letu lina pande mbili. Upande wa kwanza: ndiyo, usharika wa Old Moshi ulikuwa Kanisa, kwa sababu Kristo hakuondoka na meli iliyowachukua wamisionari. Katika kitabu chake cha 1539 kuhusu mitaguso na Kanisa, Luther alihesabu alama saba za kulitambua Kanisa, na ya saba ni msalaba, yaani mateso yanayovumiliwa kwa ajili ya Kristo. Old Moshi ilikosa sehemu ya alama moja, lakini alama ya saba ilikuwa nayo kwa utimilifu. Upande wa pili: njaa ile ya Meza haikuwa mapenzi ya Mungu ya kutukuzwa. Ilitokana na uzito wa misioni kuwabariki Waafrika. Ni lazima tuziseme pande zote mbili. Tukisema ya kwanza tu, tutaifanya saburi ya maskini kuwa pambo la uzembe wa wakubwa.

Misioni ilijifunza, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza Waafrika wa eneo la Leipzig walibarikiwa, Lazaros Laiser wa Arusha akiwa mmoja wao. Ilikuwa miaka 41 tangu Machame na miaka 14 tangu mwaka ule wa ukimya. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na Wajerumani wakawekwa kizuizini tena, Augustana walirudi kusaidia, lakini safari hii wachungaji wenyeji walikuwapo, na Meza haikufungwa. Mwaka 1958 Stefano Moshi, mzaliwa wa Mamba, alichaguliwa kuliongoza Kanisa la kaskazini. Akawa askofu mwaka 1960, na KKKT lilipoundwa mwaka 1963 akawa mkuu wake wa kwanza.

6. Yatupasayo Sasa

Kwanza, tusiihubiri saburi kama ushujaa wa watu wachache. Walioustahimili mwaka 1920 walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wamepewa kazi kabla ya dhiki kuja. Mzee aliyezoea kuwatembelea nyumba kumi wakati wa amani aliendelea kuzitembelea wakati wa taabu. Mchungaji anayefanya kila kitu mwenyewe anaweza kusifiwa kwa bidii yake, lakini siku akihamishwa ndipo itaonekana kama alijenga usharika au alijenga jina.

Pili, tuwaheshimu wainjilisti. Mitaa mingi ya KKKT ingali ikiongozwa nao, na washarika wake hungoja mchungaji afike ili wapate Chakula cha Bwana. Mwanafunzi wa theolojia atakayepelekwa kwenye usharika wenye mitaa kadhaa akumbuke kwamba mwinjilisti anayemkuta huko ni mrithi wa walimu wa 1920. Na sinodi zetu ziulize bila kuchoka ikiwa ungojaji huo unatokana na uchache wa wahudumu usioepukika, au na uzito ule ule wa zamani katika vazi jipya.

Tatu, tuikumbuke dhiki kwa ukweli wake wote. Usharika unaowakumbuka mashahidi wa Akeri na kuwasahau walionyongwa Old Moshi hauwezi kuwaeleza vijana wake kwa nini babu zao waliamini. Vijana hao wanauliza sana, na maswali yao ni ya haki: Je, dini hii ililetwa na waliotunyonga? Tukijibu kwa kukwepa watatuacha. Jibu la kweli ni kwamba wajumbe walikuja chini ya bendera ile, bendera ikashushwa, wajumbe wakaondolewa, na babu zao wakabaki na Kristo kwa hiari yao, pasipo mtu wa kuwalazimisha wala wa kuwalipa.

Hitimisho

Tumeona kwamba usharika wa Old Moshi ulidumu kwa sababu Neno lilikuwa limekaa katika lugha ya watu, utunzaji wa roho ulikuwa mikononi mwa majirani, na Bwana wa Kanisa hakuwaacha. Tumeona pia kwamba ulidumu ukiwa na njaa ambayo haikupaswa kuwa ndefu vile. Wachungaji watakaosoma kurasa hizi wanaweza kuanza na jambo dogo: waorodheshe wazee na wainjilisti wa usharika wao, kisha wajiulize ni nani kati yao ambaye kesho, pasipo mchungaji, angeweza kuongoza ibada, kumzika marehemu na kuwapatanisha waliokosana. Kama orodha hiyo ni fupi, basi kazi ya kuwafundisha ianze mwaka huu, wakati bado kuna amani.